Hajabemendwa, hajala: dhana potofu za utapiamlo ninazokutana nazo kliniki

"Kabemendwa huyo." Nimelisikia tena wiki hii, na safari hii halikutoka kwa bibi wa mtoto. Limesemwa na mtumishi wa afya, mbele ya foleni nzima ya akina mama waliokuja kupima uzito. Mama mwenyewe akavuta kanga, akamfunika mtoto mpaka usoni. Nilipozungusha utepe wa kupimia lishe kwenye mkono wa mtoto, ulisoma sentimita 11.2, nyekundu kabisa, yaani utapiamlo mkali. Nikamwita pembeni nikamuuliza jana walikula nini. Ugali na mlenda, jioni, mara moja. Mtoto alikula huohuo.

Nitakaa na dhana hii kuliko nyingine zote, maana ndiyo inayotuletea watoto wakiwa wamechelewa.

Inasemwa kwamba mtoto akikonda au kuvimba, amebemendwa, yaani wazazi wake wamekutana kimwili kabla hajaacha ziwa, au baba ametoka nje kisha akaja kumshika. Tendo la ndoa haliharibu maziwa ya mama. Hakuna njia ndani ya mwili inayopeleka shahawa kwenye titi. Baba kutoka nje ni jambo la kuzungumza yeye na mkewe. Linamgusa mtoto kiafya hasa pale analoleta nyumbani ni VVU, na hivyo tunavipima kwa damu.

Wazee wetu waliona kitu cha kweli, ila wakakosea chanzo. Waliona mtoto anadhoofu mara mama anaposhika mimba nyingine. Ni kweli, hutokea sana. Mimba ikijulikana, mtoto analikizwa siku hiyohiyo, na pale palipokuwa na maziwa panakuja uji mweupe. Anayemdhoofisha ni huo uji mtupu. Mama mjamzito mwenye afya anaweza kuendelea kunyonyesha akila vizuri, na anayetaka kupumzika angalau miaka 2 kabla ya mimba nyingine aje tuzungumze uzazi wa mpango. Hakuna haja ya mume kuhamia chumba kingine.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba neno hili linafunga midomo. Kliniki tunauliza: katika wiki 4 zilizopita, kuna siku chakula kiliisha kabisa nyumbani? Kuna aliyelala na njaa? Jibu la kweli linafungua milango mingi kwa pamoja: chakula dawa (pakiti za kutibu utapiamlo) kwa mtoto ambaye mkono wake haufiki sentimita 11.5, ufuatiliaji wa karibu kwa aliye kati ya hapo na 12.5, vipimo vya kifua kikuu na VVU, afisa ustawi wa jamii, mhudumu wa afya wa kijijini atakayepita nyumbani. Mama aliyekwisha kuaibishwa atakujibu "tunakula tu", na baba anayetuhumiwa haji kabisa. Mtoto anaogeshwa dawa na kufungwa hirizi. Akifika kwetu, hamu ya kula imeshakwisha, na mtoto asiyeweza kula hatuwezi kumpa pakiti za kwenda nazo nyumbani. Analazwa na kuanzishiwa maziwa maalumu ya F-75, kidogo kidogo, usiku na mchana. Watumishi wenzangu, tafadhali, neno hilo lisitoke vinywani mwetu.

"Amenenepa, angalia miguu." Bonyeza miguu yote miwili kwa kidole gumba, hesabu sekunde 3, achia. Shimo likibaki miguu yote miwili, hiyo ni kwashakoo, utapiamlo wa kuvimba, mpaka ithibitike vinginevyo. Njoo leo, usisubiri siku ya kliniki.

"Chakula dawa ni cha wenye virusi." Hapana. Ni karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Pakiti ya gramu 92 ina kilokalori 500. Idadi ya pakiti hupangwa kwa uzito wa mtoto mmoja, kwa hiyo ukiwagawia ndugu zake, hatapona kwa wakati. Najua ilivyo vigumu kumlisha mmoja huku wengine wanatazama. Ndiyo maana tuambie na habari za hao wengine.

"Njaa ni ya mikoa ya ukame, sisi tunavuna." Utafiti wa kitaifa wa 2022 uliikuta Iringa na udumavu wa karibu asilimia 57, Njombe na Rukwa karibu nusu ya watoto, wakati wastani wa nchi ni asilimia 30. Hiyo ni mikoa ya mahindi! Ghala lililojaa halina dagaa, yai wala mboga, na mama aliyeko shambani tangu alfajiri hawezi kumlisha mtoto mara 4 kwa siku.

"TASAF wanaandikisha kliniki." TASAF ni mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, na kaya hutambuliwa kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, kisha taarifa zake huhakikiwa. Ila kaya iliyomo ina sharti la kupeleka watoto kliniki, kwa hiyo kadi isipotee.

Na la mwisho, unga wa lishe wa mchanganyiko wa vitu kumi. Unauzwa ghali, na familia isiyo na hela inadhani bila huo mtoto hatakua. Karanga na soya zikisagwa pamoja na nafaka, unga unachacha upesi. Karanga na mahindi yaliyoota ukungu hubeba sumukuvu, ile iliyoua watu karibu 20 Dodoma na Manyara mwaka 2016. Saga nafaka moja tu, uliyonayo. Kisha chagua dagaa wakavu, toa vichwa, waoshe, waanike tena, watwange wawe unga, weka kwenye kopo lenye mfuniko. Uji ukikaribia kuiva, tia kijiko kimoja cha dagaa uchemke nao, na kijiko kidogo cha mafuta ukiepua.