Kabla ya kuchagua chombo katika bendi ya matarumbeta

Karibu kila anayekuja kujiunga na bendi ya matarumbeta hapa Mtwara huja akiwa ameshaichagua tarumbeta moyoni mwake. Hilo halishangazi, kwa sababu tarumbeta ndiyo iliyozipa bendi hizi jina, ndiyo inayobeba wimbo, na ndiyo inayosikika kwanza msafara wa harusi unapokaribia ukumbi. Mimi hufundisha vyombo vya kupuliza, na kazi yangu ya kwanza kwa mgeni si kumkabidhi chombo bali kumsikiliza, kwa sababu ninaamini kwamba mtu huchagua vizuri zaidi anapotambua kwanza nafasi yake ndani ya muziki, ndipo atafute chombo kinachoishika nafasi hiyo.

Katika bendi nzuri kuna wanaobeba wimbo, kuna wanaoujibu kwa sauti ya chini kidogo, kuna wanaojaza katikati kwa mapigo mafupi yanayoangukia kati ya hatua na hatua, na kuna besi inayowaambia wote mahali pa kukanyaga. Aliyeimba kwaya analijua jambo hili kwa majina ya soprano, alto, teno na besi. Aliyekulia madrasa na kupiga dufu kwenye maulidi huenda hayatumii majina hayo, lakini sikio lake limezoea kabisa kushika pigo lake huku mwenzake wa pembeni akishika lingine. Kwa hiyo humpigia mgeni wimbo wa harusi ambao kila mtu mjini anaujua, kisha humwomba auimbe pamoja nami kwa kuguna, bila maneno na bila kumweleza afuate sauti ipi. Wengi hufuata wimbo. Wachache hushuka wenyewe kwenye besi kama maji yanavyofuata mteremko, na wengine huguna kidogo tu kisha vidole vyao vikaanza kugonga benchi. Kipimo hiki hunieleza mengi kuliko swali la mtu anapenda chombo gani, kwa kuwa atakayepewa besi huku sikio lake likikimbilia wimbo kila mara ataiona besi kuwa adhabu, ilhali yule aliyeshuka mwenyewe ataipiga kwa furaha usiku kucha. Mtu wa namna hiyo ni hazina, maana wapigaji wa besi ni haba kila mahali nilipofundisha, na bendi yenye tarumbeta nyingi bila besi husikika nyembamba hata ikipigwa kwa nguvu zote.

Baada ya sikio hufuata mdomo, na hapa kuna imani moja ambayo ningependa iachwe. Watu husema kwamba mwenye midomo minene hawezi tarumbeta na lazima apewe tuba, lile bomba kubwa la besi. Si kweli. Louis Armstrong alikuwa na midomo minene, na ni miongoni mwa wapigaji wa tarumbeta wanaoheshimiwa zaidi duniani. Kinachohitajika ni midomo inayoweza kutetemeka kwa pamoja ikipitishiwa pumzi, pembe za mdomo zinazoweza kukaza bila shavu kujaa upepo, na meno ya mbele yaliyo imara, kwa kuwa ndiyo yanayoegemewa na sehemu ya kupulizia. Mtu mwenye jino la mbele linalocheza, au anayelisikia likiuma akilibonyeza kwa kidole, ashughulikie jino kwanza au achague chombo ambacho hakiegemei hapo kwa nguvu. Humpa mgeni sehemu ya kupulizia peke yake, bila chombo, na kumwomba atoe mlio. Hupewa ile ndogo ya tarumbeta, kisha ya tromboni, chombo chenye mkono wa bomba unaovutwa na kurudishwa, kisha ya tuba ambayo karibu inaufunika mdomo wote. Mara nyingi moja kati ya hizo humpokea mara moja, na uso wake hubadilika kabla sijasema lolote.

Inafaa kuelewa kwa nini vyombo hivi hutofautiana. Bomba la tarumbeta ya B flati, ile ya kawaida, likinyooshwa lina urefu wa karibu mita 1.4. La tromboni au yufoniamu, chombo kinachofanana na tuba ndogo, ni karibu maradufu, yaani kama mita 2.7, na la tuba kubwa ya B flati ni maradufu tena, kama mita 5.5. Kila urefu unapozidishwa mara mbili sauti hushuka oktavu moja, yaani nota ileile ikiwa chini zaidi, na pumzi inayohitajika huongezeka kwa kiasi kikubwa. Vali tatu, yaani vitufe vya kubonyeza, zilizopo kwenye tarumbeta, yufoniamu na tuba hufanya kazi moja: ya pili hushusha sauti kwa nusu toni, ya kwanza kwa toni nzima, na ya tatu kwa toni moja na nusu. Zikichanganywa hutoa urefu wa bomba wa aina saba, ambao ndio nafasi saba za mkono wa bomba kwenye tromboni isiyo na vali. Kwa sababu hiyo, aliyejifunza vidole vya tarumbeta anaweza kuhamia yufoniamu kwa urahisi, hasa katika bendi inayofuata desturi ya Uingereza ya kuandika nota za karibu sehemu zote kwa ufunguo mmoja wa juu, hata za vyombo vya sauti ya chini. Tromboni inadai kitu kingine: sikio kali, kwani hakuna kitufe kinachouambia mkono mahali pa kusimama, na mkono wenye urefu wa kutosha, kwani mtoto mdogo haifikii nafasi ya sita wala ya saba bila kujipinda bega.

Mazingira ya kazi nayo yana sauti katika uamuzi huu, tena kubwa kuliko watu wanavyodhani. Korosho zikishauzwa, harusi na sherehe za unyago hufuatana wiki hadi wiki, na bendi hupiga ikiwa nyuma ya pikapu inayopita barabara zenye mashimo. Hebu itazame tarumbeta katika hali hiyo: gari likiruka, chombo hugonga meno, na mpigaji aliyezoea kukibana sana mdomoni hushuka akiwa na mdomo uliovimba. Wa tromboni lazima akae ukingoni akitazama nyuma, vinginevyo mkono wa chombo chake utamgonga mwenzake mgongoni. Tuba ya kupakata huchosha mapaja na mikono, ilhali susafoni, iliyopewa jina la kiongozi wa bendi wa Marekani John Philip Sousa, huzunguka mwili na kukaa begani, na kwa bendi inayotembea ni bora mara nyingi ikiwa inapatikana. Tena misuli ya midomo huchoka kama misuli ya miguu, na sauti za juu ndizo zinazoichosha upesi. Mtu ambaye hataweza kufanya mazoezi karibu kila siku, hata kwa muda mfupi, asichukue sehemu ya tarumbeta ya kwanza. Sehemu ya pili au yufoniamu itamtunza na itaitunza bendi.

Klarineti na saksafoni huvutia wengi, na kwa watu wa kusini klarineti ina haki ya kutugusa kwa namna ya pekee. Klarineti nzuri hutengenezwa kwa mpingo, mti uleule unaoota katika misitu ya Kilwa na Lindi, na ambao wachongaji wa Kimakonde huutumia kwa vinyago vyao. Hata hivyo, kwa bendi ya mtaani sishauri klarineti ya mbao, kwa sababu mbao huweza kupasuka ikihamishwa ghafla kati ya jua na baridi au unyevu na ukavu. Ile ya plastiki huvumilia zaidi. Pia klarineti ina ugumu wake kwa anayeanza: ukipanda kutoka sauti za chini kwenda za juu, kidole kilekile hakikupi oktavu bali nota iliyo juu zaidi, ya kumi na mbili ukihesabu kutoka ile ya chini, hivyo unajifunza vidole vya aina mbili. Saksafoni, aliyoisajili Adolphe Sax wa Ubelgiji mwaka 1846, hurudia oktavu kwa vidole karibu vilevile, na matundu yake hufunikwa na vifuniko badala ya ncha za vidole, jambo linalomfaa mwenye vidole vidogo. Inasikika vizuri pia nje. Vyote viwili hutumia ulimi wa tete unaochakaa na kuvunjika, nao mara nyingi huagizwa Dar es Salaam, kwa hiyo anayechagua huko ajue kuwa anachagua pia gharama isiyokwisha.

Kuhusu ngoma nitasema kwa ufupi lakini kwa mkazo. Ngoma kubwa, ngoma ndogo na matoazi si mahali pa kumweka aliyeshindwa kupuliza. Tangu enzi za beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi, katika pwani yetu, ngoma kubwa imekuwa moyo wa msafara. Kijana aliyekua akisikia Sindimba, ambamo ngoma ndogo hushika mdundo usiotetereka huku kubwa ikizungumza na wachezaji, tayari amejifunza jambo ambalo mimi humfundisha mpuliza tarumbeta kwa miezi mingi.

Hatimaye kipo chombo chenyewe, kile kilichopo kabatini na si kile cha kwenye picha. Bonyeza kila vali uone kama inarudi juu upesi. Vuta mkono wa tromboni taratibu usikilize kama unakwaruza mahali pamoja. Ziba kabisa upande mpana wa bomba, puliza upande wa pili, na kama hewa inapita kwa urahisi basi kuna mahali inatoroka. Hewa ya chumvi ya Shangani au Mikindani hula vali zisizofutwa na kutiwa mafuta, na mwanafunzi anayepigana na chombo kibovu huamini kwamba kasoro ni yake. Kila mpigaji awe pia na sehemu yake ya kupulizia, asiichangie na mwingine.

Akishachagua, humwomba mwanafunzi akae na chombo hicho mpaka aweze kupiga wimbo mzima pamoja na wenzake, kwa sababu ladha ya chombo cha bendi haijulikani mtu akiwa peke yake chumbani. Ikiwa baada ya hapo midomo bado inakataa tarumbeta, tunahamia yufoniamu wiki hiyohiyo, naye huenda na vidole vyake vyote alivyokwisha kuvifundisha.