Kozi ya uandishi mtandaoni haingoji wikendi

Wanafunzi wengi wa vyuo hapa Uganda hudhani kozi ya uandishi ya mtandaoni haina ratiba: unakaa Jumapili, unaandika insha, unaipakia, basi. Kumbe insha moja huwa na hatua kadhaa zenye alama: muhtasari, rasimu, maoni kwa wenzako, kisha nakala iliyorekebishwa. Ukikosa kuweka rasimu Jumatano, hakuna wa kukupa maoni Ijumaa, na marekebisho yako yatakosa cha kurekebisha. Pengo moja, alama za zaidi ya hatua moja zinapotea.

Soma saa kwa makini. Mfumo ukiandika Jumatano 12:00 AM, hiyo ni saa sita usiku wa kuamkia Jumatano. Kazi iwe imefika Jumanne. Hapa ndipo wengi huteleza, hata wajanja.

Umeme na bando navyo vina siku zao. Pakua masomo ya wiki nzima ukiwa kwenye Wi-Fi ya chuo, andika bila intaneti, na upakie mapema mchana. Kisha fungua faili uliyopakia: huenda ukakuta umepakia rasimu ya zamani.