Usilaumu tepu, kagua dai: dhana potofu za kukata nyuzi za bomba la GI

Maji yakitiririka kwenye maungio ya bomba la GI (la chuma lenye koti la zinki), lawama ya kwanza huiangukia tepu inayozungushiwa nyuzi, ya pili soketi feki, yaani kile kiungo cha mabomba. Dai, kifaa cha meno manne kilichokata zile nyuzi (mikato ya mzunguko kwenye ncha ya bomba, au thredi, kama wasemavyo mafundi), haiulizwi kitu, na mara nyingi ndiyo yenye kosa.

"Meno manne ya dai ni sawa, lolote laingia popote."

Si sawa. Yatoe uyageuze: kila jino limepigwa namba, 1 hadi 4, na nafasi zilizo kwenye kichwa cha dai zina namba zake. Kila jino limechongwa likiwa mbele ya mwenzake kwa robo ya uzi mmoja. Ukibadilishana la 2 na la 3, kila moja linavuruga alichokata mwenzake, na uzi unatoka umechanika kama mkate uliokatwa kwa kisu butu. Kuchanganya meno ya seti mbili huleta balaa lile lile.

Namba ziko sawa na bado uzi unatoka kombo? Angalia chini ya meno. Chenga ya chuma nyembamba kama ukucha ikinasa pale, jino hilo husukumwa mbele na kukata kina zaidi kuliko mengine. Piga brashi nafasi zote nne kila unapobadilisha saizi. Kama ni safi, rudi kwenye bomba: huenda msumeno uliukata mdomo wake upande, na dai ikaanza kushika kwa upande mmoja.

"Dai ya nusu inchi ni ya nusu inchi, itoke nchi yoyote."

Mabomba yetu hufuata kipimo cha Uingereza, BSP, ambacho pembe ya uzi ni digrii 55. Kile cha Marekani, NPT, ni digrii 60. Mtego uko kwenye nusu inchi na robo tatu: vipimo vyote viwili vina nyuzi 14 kwa inchi, kwa hiyo soketi inaingia, inakaza, fundi analipwa anakwenda zake. Ndani vilele vya uzi havilali kwenye mabonde yake, na maji hupita hapo. Inchi moja ndiyo hutoboa siri, kwani BSP ina nyuzi 11 na NPT 11 na nusu. Soketi itakwama mapema. Anayenunua dai ya mtumba asome maandishi ya kwenye jino kabla ya kutoa pesa.

"Nyuzi zikiwa ndefu ndivyo maungio yanavyokuwa imara."

Hili ndilo linaloharibu kazi nyingi kuliko yote. Uzi wa bomba una mteremko: mwembamba nchani, mnene kadiri unavyorudi nyuma, tofauti ya milimita 1 ya kipenyo kwa kila milimita 16 za urefu. Mteremko huo ndio unaobana. Simama pale mdomo wa bomba unapolingana na uso wa meno. Kwa nusu inchi utapata kama milimita 13, yaani nyuzi saba hivi. Kwa inchi moja, kama milimita 17. Ukipitiliza, nyuzi za mwanzo huwa za unene mmoja na soketi haina pa kubania.

Tena unamaliza chuma. Bomba la nusu inchi la mkanda wa buluu (rangi ya mkanda huonyesha unene wa bomba) lina ukuta wa milimita 2.6, na uzi huchimba 1.16. La mkanda wa kahawia ni jembamba zaidi; kwa laini ya pampu, tusingelitumia.

Jaribio ni rahisi. Chukua soketi mpya, bila tepu, uizungushe kwa mkono. Kwenye nusu inchi ikae baada ya mizunguko minne na nusu, mmoja zaidi au pungufu. Ikigoma kwenye wa kwanza, uliacha kukata mapema au meno yamekuwa butu. Ikizama yote, umepitiliza: kata ncha uanze upya.

"Oili chafu ya gari yatosha."

Ina vumbi la chuma linalosaga meno, na uchafu wake unabaki kwenye bomba la maji ya kunywa. Tumia oili ya kukatia, kidogo kidogo tangu dai inaposhika. Kukata pakavu ni kurarua.

"Ikivuja, ongeza tepu na ukaze."

Tepu hujaza mianya midogo. Uzi uliochanika haiuponyi. Na kukaza kwa nguvu hupasua soketi, hasa ya shaba au plastiki.

"Bomba lina zinki, chumvi haitaliweza."

Zinki ilikuwa juu, na dai imeikwangua. Kwa upepo wa bahari hapa Mombasa, iwe Nyali au Likoni, nyuzi mbili tatu zinazobaki nje ya soketi ndizo huanza kuota kutu, tena ni pale pale bomba lilipo jembamba. Ukishajaribu maji na kuona pamekauka, futa oili yote kwa kitambaa, kisha paka rangi ya zinki mpaka kwenye kona ambapo uzi unaingia soketi.