Je, wajua kwa nini aliyevunjika nyonga huhitaji dawa ya mifupa hata baada ya upasuaji?

Bibi akiteleza kwenye ngazi za mawe za nyumba ya kale ya Lamu na nyonga ikavunjika, jamaa huhangaika naye mpaka afanyiwe upasuaji na kutiwa chuma, kisha wakashusha pumzi wakidhani kazi imekwisha. Lakini kilichotengenezwa ni mahali palipovunjika tu. Mifupa mingine, pamoja na nyonga ya pili, ingali dhaifu vilevile, na katika miezi inayofuata huzidi kudhoofika.

Mfupa ni kitu hai. Ndani yake mna seli zinazobomoa sehemu iliyochakaa na nyingine zinazojenga upya, mfano wa fundi anayebandua chokaa kuukuu ukutani na mwenziwe anayemfuata akipiga lipu. Homoni ya estrojeni humzuia mbomoaji asipite kiasi, ila hedhi ikikoma homoni hiyo hupungua, na ubomoaji ukaushinda ujenzi. Mgonjwa anapolala kitandani wiki nyingi mambo huzidi, kwa kuwa mfupa usiobeba uzito hupoteza madini yake.

Dawa iitwayo asidi ya zoledroniki, miligramu 5 kwa dripu mara moja kwa mwaka, hunata kwenye madini ya mfupa, na seli ibomoayo inapokuja kuumega huimeza pamoja nayo, ikalemaa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, wagonjwa 2,127, wengi wao wanawake, walifuatiliwa kwa takriban miaka 2. Wote walipewa kalsiamu na vitamini D. Miongoni mwa waliopata dawa hiyo ndani ya siku 90 baada ya upasuaji, asilimia 8.6 walivunjika mfupa tena, hali kwa waliotiwa dripu isiyo na dawa ilikuwa 13.9. Waliofariki walikuwa asilimia 9.6 kwa 13.3, na kwangu mimi tofauti hii ndiyo nzito kuliko zote, kwani nyonga iliyovunjika huwaondoa wazee wengi kabla mwaka haujapinduka.

Kabla ya dripu, figo na vitamini D hupimwa, kwa sababu mwenye figo zilizodhoofika sana hapewi dawa hii. Na homa na maumivu ya mwili ya siku mbili tatu baada ya dripu ya kwanza ni jambo la kawaida.

Wako wanaopewa vidonge vya alendroneti, kimoja kwa wiki. Kidonge hiki humezwa asubuhi kabla ya kula chochote, kwa bilauri nzima ya maji matupu, na mgonjwa hukaa wima nusu saa bila kulala kisije kikaunguza koo. Chai ya maziwa, hata ikiwa tayari imeshamiminwa kikombeni, lazima isubiri, kwa maana kalsiamu ya maziwa huizuia dawa isiingie mwilini.