Jedwali halikumbuki nani alitangulia

Katika makundi ya WhatsApp ya wanaojifunza hifadhidata, Kampala hadi Mbarara, kuna ujumbe usiokoma kuzunguka: eti data hurudi daima kwa mpangilio ulioiingiza, hivyo ORDER BY, agizo la kupanga matokeo, ni kupoteza muda. Si kweli. Bila ORDER BY, SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, haiahidi mpangilio wowote.

Jaribu mwenyewe kwenye PostgreSQL, programu ya hifadhidata. Tengeneza jedwali la akiba za wanachama, ingiza mistari mitano, usome kwa SELECT. Itakuja kwa mpangilio ulioiingiza. Sasa badilisha kiasi cha mstari wa pili kwa UPDATE, usome tena: kwa kawaida mstari huo utatokea mwishoni, maana toleo lake jipya huandikwa mahali pengine. Jedwali dogo ambalo halijaguswa huonekana limejipanga, na hapo ndipo wengi hukosea, wala si ajabu.

Kwa chama cha akiba kinachotafuta amana 10 za karibuni, kosa hili linagusa fedha za watu. Andika ORDER BY tarehe DESC, id DESC LIMIT 10: DESC hutanguliza za karibuni, LIMIT 10 huchukua kumi tu. Tarehe zikilingana, id, namba ya kipekee ya kila mstari, huamua.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Mpe aliyeutuma jaribio hili, kwa upole.