Hoji Mradi, Usimhoji Mwanamke

Kabla timu ya tathmini haijaenda kuzungumza na wanawake katika eneo la dharura, mara nyingi mimi hupewa hojaji yao niipitie, na swali ninalolifuta kuliko jingine lolote ni lile linalomtaka mwanamke aeleze kama yeye mwenyewe amewahi kushambuliwa, kulazimishwa au kutishwa tangu alipofika pale. Walioliandika hawana nia mbaya. Wanataka kujua kama tatizo lipo na ukubwa wake ni upi, ili waweze kulieleza kwa mfadhili. Hata hivyo, swali hilo linamwelekea asiyestahili kuhojiwa. Anayepaswa kuhojiwa ni mradi: mgao wa misaada umepangwa saa ngapi, vyoo vimejengwa wapi, nani amepewa mamlaka ya kuandikisha majina, na mwanamke hupita njia gani ili aifikie huduma tunayodai kwamba ni yake.

Hoja kwamba lazima kwanza tuthibitishe kuwa ukatili upo haina msingi hata kwa kanuni zetu wenyewe. Mwongozo wa mwaka 2015 wa Kamati ya Kudumu ya Mashirika ya Kibinadamu, chombo kinachoyakutanisha mashirika ya Umoja wa Mataifa na yale yasiyo ya kiserikali, unawataka wafanyakazi wote wa misaada, wawe wa maji, chakula, makazi au elimu, wachukulie kwamba ukatili wa kijinsia unatokea mahali walipo, hata kama hakuna takwimu wala kesi iliyoripotiwa. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mapendekezo yake ya kimaadili ya mwaka 2007 kuhusu utafiti na ufuatiliaji wa ukatili wa kingono wakati wa dharura, liliweka masharti kadhaa, na mawili kati yake ningependa kila mratibu ayajue: faida ya kukusanya taarifa lazima izidi hatari wanayoingizwa wahojiwa, na huduma ya msingi kwa manusura lazima iwe inapatikana kabla swali la kwanza halijaulizwa. Pale ambapo hakuna kliniki inayoweza kumpokea manusura wala mshauri aliyefunzwa, mazungumzo yabaki kwenye maji, vyoo, mgao na njia.

Na hapo kwenye maji, vyoo, mgao na njia ndipo penye mengi ya kusikia. Viwango vya Sphere, yaani viwango vya chini vya kimataifa vya misaada ya kibinadamu, katika toleo la mwaka 2018, vinasema kwamba chanzo cha maji kisiwe mbali na makazi zaidi ya mita 500, kwamba choo kimoja cha pamoja kihudumie watu wasiozidi 20, kwamba choo hicho kisizidi umbali wa mita 50 kutoka wanapoishi, na kwamba kiwe na komeo la ndani na mwanga wa kutosha. Mhandisi anaweza kutimiza yote hayo na bado choo kikasimama bila kutumika baada ya jua kuzama. Ukiwauliza wanawake kwa nini, utasikia mambo ambayo hayamo kwenye fomu ya ukaguzi: komeo lipo lakini ubao uliolishikilia umelegea, mlango unatazama mahali vijana wanapokutana jioni, choo cha wanaume na cha wanawake vimegawana ukuta wa turubai uliotobolewa. Utasikia pia hatua wanazochukua ili kujilinda, kama vile kuacha kunywa maji kuanzia alasiri, au kuamshana usiku ili waende wawili wawili. Mimi huzipa hatua hizo uzito mkubwa katika uchambuzi, kwa sababu mwanamke asiyetaka kutaja tukio lolote anaweza kueleza kwa kina anachofanya ili tukio lisitokee.

Taa ni mfano mzuri wa kwa nini jibu haliwezi kukisiwa ofisini. Pendekezo la kwanza la karibu kila mradi ni kuweka taa, na mara nyingi wanawake hulipokea kwa furaha. Lakini taa moja katikati ya giza hukusanya watu, na wanaokusanyika usiku mara nyingi ni wanaume. Isitoshe, taa iliyo mlangoni mwa choo huku njia nzima ikiwa gizani humwonyesha kila anayeingia kwa yeyote aliyesimama kwenye kivuli. Katika kundi moja wanaweza kuitaka taa ileile ambayo kundi la jirani wanaiogopa, na wote wakawa sahihi kwa mahali pao.

Kwa upande wa mgao, njia ninayoipendelea ni kuufuata msaada hatua kwa hatua tangu unapotangazwa hadi unapowekwa ndani ya nyumba, na kuuliza katika kila hatua nani yupo, nani ana uamuzi, na nini huweza kwenda vibaya. Nani alikuambia kuwa kuna mgao? Jina lako liliandikwa na nani, na likikosekana unamwendea nani? Unapofika unasubiri muda gani, na foleni inapoisha unaondoka saa ngapi? Mzigo unaubeba vipi kurudi nao? Mradi wa utafiti wa Chuo Kikuu cha George Washington unaoitwa Empowered Aid, ulioanza kwa kuwashirikisha wanawake na wasichana wakimbizi nchini Uganda na Lebanon kama watafiti wenza na si wahojiwa tu, ulionyesha jinsi hatari inavyojificha pia nje ya kituo cha mgao, kwenye safari ya kwenda na kurudi na kwa wale wanaojitolea kubeba mizigo. Wasimamizi wengi hulinda lango la kituo na kuamini kwamba wajibu wao unaishia hapo. Mwanamke mwenye gunia asiloweza kulibeba peke yake anajua kuwa msaada wa kulifikisha nyumbani una gharama, na gharama hiyo si ya fedha kila mara.

Swali la nani anaandikisha majina linastahili muda wa pekee. Mwaka 2002, taarifa ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi na Save the Children ya Uingereza kuhusu Guinea, Liberia na Sierra Leone ilifichua kwamba wafanyakazi wa misaada walikuwa miongoni mwa waliotumia chakula na bidhaa za misaada kuwashurutisha wasichana katika ngono. Oktoba 2003, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alitoa waraka unaokataza wafanyakazi kufanya ngono na aliye chini ya umri wa miaka 18, na kutoa fedha, kazi, bidhaa au huduma kwa malipo ya ngono. Sheria hiyo imebandikwa kwenye kuta za ofisi nyingi. Walio kwenye foleni ndio mara nyingi hawajaisikia. Kwa hiyo mazungumzo kuhusu usalama lazima pia yatoe taarifa: msaada ni bure, vigezo vya kuupata ni hivi, mfanyakazi haruhusiwi kufanya haya, na malalamiko hupelekwa hapa au pale. Msichana asiyejua kwamba kadi ya mgao haina malipo hawezi kukuambia kuwa aliyemwandikisha alidai malipo. Kwake huo ndio utaratibu.

Ni nani basi wa kuzungumza naye? Wenyeviti wa kamati za wanawake ni rahisi kuwapata na wana mengi ya kusema, lakini wengine ni wake au dada wa wale wale wanaosimamia orodha. Mimi huwaomba wafanyakazi wakutane na vikundi vidogo vya watu wanane hadi kumi na wawili, vilivyotengwa kwa umri, na wasiwachanganye wasichana wa miaka 10 hadi 14 na wale wa 15 hadi 19, sembuse kuwakalisha wote mbele ya mama zao na mama wakwe. Wasichana wadogo wahitaji ruhusa ya mzazi au mlezi na ridhaa yao wenyewe, na wote wajue kwamba kukaa kimya au kuondoka hakutawapunguzia chochote kwenye mgao. Wanawake wenye ulemavu waulizwe watafikaje kabla ya mahali pa kukutania kuchaguliwa. Na wale ambao hawaonekani kabisa kwenye huduma, kama msichana anayetunza watoto wa nyumba nyingine au mjane aliyehifadhiwa na jamaa wa mumewe, watafutwe kupitia wanawake wanaowatembelea, maana kutokuwepo kwao mara nyingi ndilo jibu lenyewe.

Mwezeshaji awe mwanamke, mkalimani pia, na wote wawili wasiwe na mamlaka yoyote juu ya mgao. Mkutano utangazwe kama mazungumzo kuhusu huduma, jambo ambalo ni kweli, bila kutaja ukatili kwenye tangazo. Viongozi wa kiume waelezwe hivyo hivyo. Wapo wenzangu wanaoona kwamba huku ni kuficha. Mimi naona kwamba kama maswali yetu kweli yanahusu huduma, hatujamficha mtu lolote. Tatizo huanza pale maswali yanapoteleza kuelekea maisha binafsi, na hilo ni sababu nyingine ya kuyazuia yasiteleze. Kwa wasichana, kuchora ramani ya mahali wanapokwenda na saa wanazokwenda huzaa matunda kuliko maswali ya ana kwa ana, na kuzungumzia "msichana wa umri wenu anayeishi sehemu kama hii" kunampa kila mmoja nafasi ya kusema bila kujitaja.

Hata hivyo itatokea kwamba mtu anaanza kusimulia yaliyompata. Asikatizwe kwa ukali, wala asichimbwe kwa maswali. Mwezeshaji amshukuru kwa upole, arudishe mazungumzo kwenye huduma, kisha amtafute faraghani baada ya kikao na kumweleza huduma zilizopo, akimwachia yeye uamuzi wa kwenda au kutokwenda. Kinachotatiza zaidi ni pale simulizi inapomhusu mfanyakazi wa misaada, kwa sababu mashirika huwabana wafanyakazi wao kuripoti tuhuma za namna hiyo. Mipaka ya usiri lazima ielezwe mwanzoni mwa kikao, kwa lugha nyepesi, ili mwanamke achague anachosema akijua kitakwenda wapi. Kumwambia baadaye ni kumnyang'anya uchaguzi huo.

Kuhusu kumbukumbu, mgogoro wangu wa kudumu ni na idara za fedha. Wanataka karatasi ya mahudhurio yenye jina, sahihi na namba ya simu ya kila mshiriki, ili nauli na vinywaji vilipwe kihalali. Karatasi hiyo ikidondoka kwenye mikono isiyofaa inakuwa orodha ya waliosema. Suluhisho lipo nalo ni la kawaida kabisa: kukubaliana na mfadhili mapema kwamba kwa vikao hivi uthibitisho utakuwa idadi kwa kundi la umri, iliyotiwa sahihi na wafanyakazi wawili. Picha nazo ziachwe. Na anayeandika ripoti akumbuke kwamba maneno kama "mwanamke asiyeona wa sehemu ya pili" humtambulisha mtu kwa uhakika uleule wa jina lake.

Kisha kuna kazi ya kuamua. Waliyoyasema huangukia katika mafungu matatu: yanayoweza kurekebishwa wiki hiyo hiyo, kama komeo au saa ya kufunga mgao, yanayohitaji fedha, kama kuhamisha safu ya vyoo, na yasiyowezekana, ambayo sababu yake lazima isemwe. Bajeti isiyo na fungu la marekebisho humaanisha kwamba uamuzi ulishapitishwa kabla ya kuuliza. Ninakuwa mwangalifu pia na mapendekezo ya kuwalinda wasichana kwa kuwazuia. Kina mama waliojaa hofu wanaweza kuomba kwamba wasichana wasitumwe kabisa kwenye maji au mgao, na msimamizi akafurahia suluhisho lisilo na gharama. Ilhali wasichana wenyewe, wakiulizwa peke yao, huenda wakasema kuwa ile safari ya maji ndiyo saa pekee wanayokutana na wenzao. Wanachotaka wao ni njia iliyo salama.

Majibu yarudishwe kwa walioyatoa, lakini kwa namna isiyowafunga kwenye mabadiliko yaliyotokea. Mlinzi akihamishwa siku chache baada ya kikao cha wanawake wa sehemu fulani, kila mtu atafanya hesabu. Ni afadhali mabadiliko yatangazwe kwa eneo zima, kama matokeo ya ukaguzi wa jumla. Na kwa kuwa hali hubadilika, mazungumzo yarudiwe pale jambo kubwa linapobadilika: wakimbizi wapya wanapofika, msimu wa mvua unapofunga njia, au msaada wa vitu unapogeuzwa kuwa fedha kwa simu, ambapo hatari huhama kutoka foleni kwenda kwa wakala na kwa mwenye laini iliyosajiliwa.

Jambo la mwisho ninaloliomba kwa waratibu huwa haliwapendezi. Katika maeneo yenye mashirika mengi, wanawake walewale huulizwa maswali yaleyale na kila anayefika, kila mmoja na fulana yake. Kabla ya kupanga kikao kipya, timu isome ripoti za wengine na iandike pembeni mwa kila hoja hatua gani ilichukuliwa na na nani. Safu hiyo ya pili ikiwa tupu, siidhinishi hojaji. Ninarudisha ripoti ya zamani kwa mhandisi na kwa msimamizi wa mgao, pamoja na tarehe ya kunijibu.