Printa kubwa inakula wino? Hapana, tuelewane kidogo

Mwezi huu peke yake nimeulizwa mara tatu hapa Mwanga, Kigoma, "kaka nataka kuanza kutoa picha, nichukue printa ndogo ya A4 au kubwa ya A3?" na kila anayeuliza anakuja na jibu lake kichwani, kwamba kubwa inakula wino. Watu wanapoteza hela kwa kuamini hivi ndo maana nimeona niandike.

DHANA: Printa kubwa inakula wino kuliko ndogo.

UKWELI: Kinachokula wino ni ukubwa wa picha. 4R ni inchi 4 kwa 6, yani inchi 24 za mraba, A3 inafika kama 193, kwahiyo ukitoa A3 moja umetumia wino wa 4R nane hivi. Sasa mtu ananunua ya A3, wateja wa harusi wanaanza kuagiza picha za ukutani, chupa zinaisha haraka, analaumu mashine wakati kazi yenyewe ndo imebadilika. Chukua Epson L805 ya A4 na L1800 ya A3: zote rangi sita, zote zinatumia chupa zilezile za mililita 70. Toa 4R ileile kwenye zote mbili kwa mpangilio uleule, wino utakaotumika hautofautiani kitu cha kukuumiza kichwa.

DHANA: Katriji (kile kikopo cha wino unachochomeka kwenye printa) ya bei ndogo ndo nafuu.

UKWELI: Hapa ndo watu wanaumia. Usiangalie bei ya katriji, gawa bei kwa mililita. Epson walikuwa na SureColor P600 ya karatasi ya upana wa inchi 13 na P800 ya inchi 17, wino wa aina moja, katriji tisa kila moja. Ya P600 ina mililita 25.9 na kwa Marekani ilikuwa kama dola 32, ya P800 mililita 80 kwa kama dola 60. Piga hesabu: ndogo mililita moja ni zaidi ya dola 1.20, kubwa ni senti 75. Yule aliyekimbia dola 60 akaona ameokoa, kila picha anayotoa anailipia zaidi.

Ila usikimbilie kubwa kwa sababu hiyo tu, maana katriji tisa mara dola 60 ni dola 540 zimekaa ndani ya mashine, kama huna kazi hiyo ni hela iliyolala. Na printa za tenki, zile unazojaza wino kwa chupa, kama hizo L mbili nilizotaja hazina tofauti hiyo ya bei kabisa, chupa ni moja.

DHANA: Wino wote unaishia kwenye picha.

UKWELI: Ungejua! Printa ikijisafisha hedi, yani kile kichwa kinachonyunyiza wino kwenye karatasi, inavuta wino na kuumwaga kwenye pedi kama sponji iliyo chini ndani yake, huuoni, lakini umeulipia. Mimi hili nimejifunza kwa maumivu. Mdogo wangu anayenisaidia dukani alikuwa jioni anazima kila kitu kwenye ekstensheni, tap, anafunga mlango. Ukikata umeme hivyo, hedi inaweza kubaki katikati ya njia badala ya kurudi pembeni kwenye kile kifuniko cha mpira kinachoizuia isikauke, na kiangazi hiki na vumbi hili, asubuhi unatoa pasipoti saizi ya mwanafunzi ina mistari myeupe kwenye paji la uso. Basi hedi klining, mara moja, mbili, tatu. Jumatatu moja nikachora alama ya maka kwenye kila tenki, Ijumaa naangalia bluu nyepesi imeshuka chini ya alama vizuri tu, na picha tulizotoa wiki ile zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Ule wino ulikuwa kwenye pedi. Na pedi nayo ikijaa printa inagoma mpaka fundi aiguse.

Sahivi anabonyeza kitufe cha printa yenyewe, anasubiri taa izime, ndo anagusa ekstensheni. Siku zisizo na wateja tunatoa 4R moja yenye rangi zote, wino wake ni kidogo kuliko klining moja. Na tumeweka UPS, ile betri inayoshika umeme ukikatika, maana umeme ukikatika katikati ya picha ni yaleyale.

DHANA: Katriji ikisema imeisha, imeisha.

UKWELI: Hapana, chipu inahesabu, na kidogo kinaachwa makusudi hedi isivute hewa. Ndo hivyo, kiweke kwenye hesabu yako.

Mama mmoja wa Ujiji anatoa pasipoti na 4R tu, nimemwambia achukue ya A4 na hela inayobaki anunue UPS na seti ya pili ya chupa. Kijana wa Gungu anapiga harusi kila Jumamosi na picha za fremu anapeleka kutoa kwa watu, huyo nimemwambia A3, hata kesho.